Mtu wa Hursley: Kuisaka Nasaba ya Stephen Hopkins

Leo nawavusha Atlantiki, tukamtafute mtu aliyekufa mwaka 1644 katika koloni la Plymouth, eneo ambalo siku hizi limo ndani ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Jina lake ni Stephen Hopkins. Alifika huko mwaka 1620 kwa merikebu ya Mayflower, mmoja kati ya abiria 102. Wamarekani wengi huihesabu merikebu hiyo kuwa mlango wa historia yao, na mwenye kuthibitisha kwamba mzee wa ukoo wake alishuka humo hutembea kifua mbele.

Safari ya Mayflower imesimuliwa sana. Mimi nataka kusimulia habari za watu waliohangaika kujua Hopkins alitoka wapi, kwa sababu kwa miaka mingi jibu lililokuwa vitabuni lilikuwa la uongo. Ilisemwa kwamba alitoka Wortley, huko Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Miti ya ukoo isiyohesabika ikamwozesha mwanamke aitwaye Constance Dudley, jina lenye harufu ya ukabaila. Mmoja aliandika, wa pili akanakili, wa tatu akamtaja wa pili kama shahidi. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyomuunganisha mtu wa Wortley na mtu wa Plymouth isipokuwa jina, na Uingereza ya zama zile haikupungukiwa na watu wenye jina la Hopkins.

Mwaka 1998, mtafiti Caleb Johnson alichapisha makala katika jarida la The American Genealogist, na habari za Wortley zikaisha. Alionyesha kwamba Hopkins aliishi Hursley, kijiji cha Hampshire, kusini mwa nchi, jirani na mji wa Winchester. Na waliomfikisha mtafiti huyo Hursley walikuwa mwanamke aliyezikwa miaka saba kabla ya Mayflower kung'oa nanga, pamoja na watoto wake wadogo. Jambo hilo ndilo lililonifanya niyachague mazungumzo haya. Mtu mashuhuri akipotea katika maandishi, watafute waliokula naye: mke, watoto, watumishi, majirani. Hao ndio wanaojua njia ya kwao.

Tuanze na maandishi yenyewe. Gavana wa Plymouth, William Bradford, aliandika historia ya koloni hilo kwa mkono wake, na mwishoni akaweka orodha ya waliokuja kwa Mayflower. Kuhusu Hopkins anasema alikuja na mkewe Elizabeth. Na watoto wawili, Giles na Constance, ambao ni wa mke wa awali. Na wawili aliozaa na Elizabeth, yaani Damaris na Oceanus, huyu wa mwisho akiwa amezaliwa baharini. Na watumishi wawili, Edward Doty na Edward Leister. Ni mistari michache tu, lakini mtafiti mwenye jicho huona hazina. Kumbe kulikuwa na mke mwingine kabla ya Elizabeth. Kumbe Uingereza kuna mahali walipobatizwa Giles na Constance, na baba yao akiitwa Stephen.

Mswada huo wa Bradford nao nusura utupotee. Ulikuwa umehifadhiwa Boston, ukatoweka katika misukosuko ya karne ya 18, na watu wakakata tamaa. Mwaka 1855 ikagundulika kwamba umo London, katika maktaba ya askofu kwenye kasri la Fulham. Ulichapishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1897 ukarudishwa Massachusetts. Fikirini basi: vizazi vya watafiti vilifanya kazi bila kuiona orodha hiyo. Ninapomsikia mtu akiwabeza wazee wa zamani kwa kukosea nasaba za walowezi, huwa nakumbuka kwamba ushahidi mkuu ulikuwa umelala rafuni ng'ambo ya bahari.

Upande wa Uingereza kuna madaftari ya parokia. Mwaka 1538, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Kasisi hakusimulia maisha ya mtu. Aliandika siku, jina, na pengine jina la baba, akafunga daftari. Panya na unyevu vilikula mengi. Ya Hursley yakanusurika, na ndani yake wamo watoto wa Stephen Hopkins: Elizabeth, aliyebatizwa tarehe 13 Machi 1604, Constance, tarehe 11 Mei 1606, na Giles, tarehe 30 Januari 1608.

Hapa nisimame kidogo, maana hizo tarehe zina mtego. Katika daftari lenyewe ubatizo wa Giles umewekwa chini ya mwaka 1607, na wa Elizabeth chini ya 1603. Waingereza wa wakati ule waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na wakaendelea hivyo hadi mwaka 1752. Kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa katika mwaka uliotangulia. Asiyelijua hili anaweza kumkuta mtoto amezikwa kabla hajabatizwa, au bibi harusi amezaa miezi mingi kabla ya ndoa, akaanza kumzushia mambo marehemu wa watu. Ndiyo maana watafiti makini huandika miaka miwili pamoja, 1607/8, ili msomaji asipotee.

Turudi Hursley. Giles peke yake asingetosha. Constance peke yake asingetosha. Lakini Giles na Constance katika nyumba moja, baba yao Stephen Hopkins, umri wao ukilingana na wa vijana wale wa Mayflower? Hapo jambo linaanza kusimama. Kisha likaja daftari la mazishi: mama yao, Mary, alizikwa Hursley tarehe 9 Mei 1613. Siku chache baadaye zikaandikwa karatasi za mirathi yake, na ndani yake watoto watatu wametajwa kwa majina, nao ni Elizabeth, Constance na Giles. Wakawekwa watu wa kuisimamia mali hadi watoto wakue. Baba wa watoto hakuwapo.

Kwa nini hakuwapo? Mnisikilize vizuri hapa.

Mwezi Juni 1609 msafara wa meli uliondoka Uingereza kwenda Jamestown, Virginia. Meli kuu iliitwa Sea Venture. Ilikumbwa na kimbunga, na mwishoni mwa Julai ikakwama kwenye miamba ya visiwa vya Bermuda. Watu wapatao 150 walifika ufukweni salama. Kati yao alikuwamo William Strachey, ambaye aliandika kisa chote, na kijana mmoja msomaji wa Zaburi na karani wa kasisi Richard Buck. Kijana huyo aliitwa Stephen Hopkins. Visiwani kulikuwa na samaki, kasa na nguruwe wa porini, chakula tele kuliko walichotarajia. Hopkins akaanza kuwanong'oneza wenzake kwamba mkataba wao ulikuwa wa kwenda Virginia chini ya gavana; meli imevunjika, mkataba nao umevunjika, kila mtu ajitawale. Akakamatwa. Gavana Sir Thomas Gates akamhukumu kifo.

Strachey anaeleza jinsi Hopkins alivyolia na kuomba, akisema kifo chake kitawaangamiza mkewe na watoto wake. Wakubwa waliokuwapo wakaguswa, wakamwombea, naye akasamehewa. Baada ya hapo walimaliza kuunda meli mbili kwa mbao za Bermuda na mabaki ya Sea Venture, na Mei 1610 wakafika Jamestown.

Mke na watoto! Hiyo ndiyo sauti ya pekee ya nyumba ya Hursley inayosikika kutoka Bermuda. Kwa muda mrefu wanahistoria walibishana kama mwasi wa Bermuda ndiye abiria wa Mayflower au ni majina tu yamegongana. Sasa tazama karatasi zinavyoitikiana. Mwasi ana mke na watoto kabla ya 1610. Hursley kuna Mary na watoto watatu, wa mwisho akiwa wa 1608. Mwasi yuko ng'ambo ya bahari. Hursley mwaka 1613 mama anazikwa na baba hayupo. Abiria wa 1620 ana watoto wawili wa mke wa awali, na majina yao ni yale yale. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo inayojitosha. Zikiwekwa pamoja, kila moja inajaza pengo la mwenzake.

Sijui kama mnaliona unaloliona moyo wangu. Mary alibaki kijijini na mtoto wa mwaka mmoja na watoto wengine wawili, mumewe akiwa amepanda meli iliyosemekana kupotea baharini. Inaelekea alikufa bila kumwona tena. Jina lake liko katika daftari la mazishi na katika karatasi za vitu alivyoacha, na kupitia hivyo tu, baada ya karibu miaka 400, ndipo mumewe alipopata kujulikana kwao ni wapi. Miti ya ukoo ilikuwa imemfuta Mary, ikamweka Constance Dudley mahali pake.

Yaliyobaki ya Uingereza nitayapitia haraka. Hopkins alirudi, na tarehe 19 Februari 1618 Stephen Hopkins alifunga ndoa na Elizabeth Fisher katika kanisa la Whitechapel, London. Mwaka 2004 jarida lile lile lilichapisha utafiti wa Ernest Martin Christensen uliomrudisha nyuma zaidi, hadi ubatizo wa tarehe 30 Aprili 1581 huko Upper Clatford, Hampshire hiyo hiyo, mwana wa John Hopkins na Elizabeth Williams. Mtafiti yule aliweka neno la tahadhari katika kichwa cha makala yake, akisema ni wazazi wanaoelekea kuwa ndio. Namheshimu kwa neno hilo.

Naliheshimu kwa sababu uwanja huu una historia chafu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko New York alikuwako Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden, aliyekwisha kufungwa kwao kwa kughushi. Kazi yake ikawa kuwauzia Wamarekani matajiri nasaba. Ujanja wake ulikuwa wa kuchanganya: anaweka walowezi wa kweli upande wa Marekani, madaftari ya kweli upande wa Ulaya, na katikati anatia kiungo cha kubuni kinachomfikisha mteja kwa wakuu wa nchi. Alikufa mwaka 1942, lakini viungo vyake bado vinatembea katika miti ya ukoo ya watu ambao hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Wapo pia wanaojidanganya bila kudanganywa. Katika Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 kuna sahihi ya Stephen Hopkins wa Rhode Island. Wangapi wamemfanya mjukuu wa yule wa Mayflower! Huyu wa 1776 ni wa ukoo wa Thomas Hopkins aliyehamia Providence. Jina limefanana, kazi imekwisha, au ndivyo mtu anavyojiambia anapokuwa na hamu ya kuwapata wazee wawili mashuhuri kwa mpigo mmoja.

Basi Plymouth yenyewe Hopkins alikuwa mtu wa namna gani? Alitia sahihi mkataba wa Mayflower Novemba 1620. Koloni lilijengwa mahali palipokuwa kijiji cha Patuxet cha Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, ambacho watu wake walikuwa wameteketezwa na maradhi kati ya 1616 na 1619. Machi 1621 Samoset, Mwenyeji wa kwanza kuwaamkia walowezi kwa Kiingereza, alilazwa nyumbani kwa Hopkins huku akichungwa. Julai mwaka huo Hopkins na Edward Winslow walitumwa kwa mkuu wa Wawampanoag, Massasoit, wakampelekea koti jekundu na mkufu wa shaba. Majira ya baridi ya kwanza yaliwaua karibu nusu ya abiria, lakini katika nyumba ya Hopkins, kubwa vile, hakufa mtu.

Baadaye alikuwa msaidizi wa gavana, na baadaye tena akawa mtu wa kuitwa mahakamani: mara kwa kuwaacha watu wanywe na kucheza nyumbani kwake, mara kwa kuuza bia peni mbili wakati haikustahili hata peni moja. Mtafiti wa nasaba anazipenda kesi. Mwenye kushtakiwa huandikwa, na alipoandikwa tunajua alikuwa hai na alikuwa wapi.

Orodha nyingine tunayoitegemea ilitokana na ng'ombe. Mwezi Mei 1627 watu wa Plymouth waligawana mifugo. Walijipanga makundi 12, kila kundi watu 13, na wote wakaandikwa majina, wanaume, wanawake na watoto. Hawakukusudia kuwahesabu watu. Walikuwa wakigawana maziwa. Lakini kwetu ni sensa ya koloni zima, watu 156. Oceanus, yule mtoto wa baharini, hayumo. Constance yumo, na ameshaolewa na Nicholas Snow.

Wafugaji wanaonisikiliza watauelewa wosia wa Hopkins kuliko maprofesa wengi. Aliuandika tarehe 6 Juni 1644, na ilipofika katikati ya Julai alikuwa ameshakufa, kwa kuwa tarehe 17 mali yake ilikuwa ikiorodheshwa. Aliomba azikwe karibu na mkewe Elizabeth aliyemtangulia. Giles akapewa fahali mkubwa, aliyekuwa kwa mwanamke aitwaye Bibi Warren. Constance akapewa farasi jike. Deborah akapewa ng'ombe mweusi mwenye pembe pana, pamoja na ndama wake, na nusu ya ng'ombe aitwaye Motley. Nusu ya pili ya Motley ikawa ya Damaris. Ruth akapata ng'ombe aitwaye Red Cole, na Elizabeth mwingine, binti wa mwisho kutajwa, akapata Smykins na ndama wake. Mzee yule alikuwa akiwajua ng'ombe wake kwa majina, na kwa kuwagawa aliwataja wanawe mmoja mmoja, na mume wa Constance akatajwa. Wosia wa mtu mwenye ng'ombe umetuachia familia nzima.

Bradford alipofunga hesabu zake karibu mwaka 1650 aliandika kwamba Constance alikuwa na watoto 12, wote hai, na mmoja ameshaolewa. Huyo ndiye mtoto wa Mary wa Hursley. Wamarekani wengi wanaojinasibu na Stephen Hopkins leo wanapitia kwa Constance, kwa hiyo wanapitia kwa Mary, na kwa karne tatu na zaidi hawakujua hata jina lake.

Kuna chama cha wazao wa Mayflower, kilichoanzishwa mwaka 1897, na mtu haingii kwa maneno. Huanza na yeye mwenyewe, akaenda kwa mzazi, kwa babu au bibi, hatua kwa hatua, na kila hatua huonyesha hati ya kuzaliwa, ya ndoa, ya kifo. Vizazi vya mwanzo vimeshachapishwa katika vitabu vya jalada la rangi ya fedha, vinavyofuata uzao wa kila abiria kwa vizazi vitano. Hopkins ana juzuu yake. Ninafurahi kuwaambia kwamba mtumishi wake Edward Doty anayo yake pia. Doty ndiye aliyepigana kwa silaha na mtumishi mwenzake Leister mwezi Juni 1621, wakafungwa vichwa na miguu pamoja hadi bwana wao alipowaombea. Alimaliza utumishi, akamwoa Faith Clarke, wakazaa watoto tisa, na uzao wake leo ni mkubwa mno.

Ila nyumba ile ilikuwa na mtumishi mwingine, ambaye hakuja kwa Mayflower. Jina lake Dorothy Temple. Mwaka 1638 alikuwa mja mzito, na baba wa mimba alikuwa Arthur Peach. Kiangazi hicho Peach na wenzake walikuwa wamemuua kwa ajili ya mali mwenyeji mmoja wa kabila la Nipmuc aitwaye Penowanyanquis, aliyekuwa safarini akibeba bidhaa. Peach na wawili wengine walinyongwa mwezi Septemba. Jina la Penowanyanquis limetufikia kwa njia hiyo tu, ya kuuawa na Waingereza na kesi yake kuamuliwa na Waingereza.

Hopkins alikataa kumtunza Dorothy na mtoto. Mahakama ikamwamuru, kwa kuwa mkataba wake wa utumishi ulikuwa bado na miaka miwili. Akakaidi, akawekwa kizuizini. Mwisho alimlipa mtu aitwaye John Holmes pauni 3 amchukue. Mtu aliyelilia mke na watoto wake huko Bermuda ndiye huyo huyo aliyemtoa nyumbani mama na mtoto mchanga, na historia ya familia iliyo ya kweli haina ruhusa ya kuchagua mmoja kati ya hao wawili. Juni 1639 Dorothy alihukumiwa kuchapwa viboko mara mbili. Alizimia katika mara ya kwanza, na ile ya pili haikutekelezwa. Kuhusu mtoto, mahakama iliandika kwamba alikuwa wa kiume, bila jina.

Atakayetaka kumfuata Dorothy Temple asianzie kwa Hopkins. Aanzie kwa John Holmes: ardhi aliyokuwa nayo, majirani aliopakana nao, watumishi waliopita kwake, na kila kesi ya Plymouth kuanzia mwaka 1639 yenye mwanamke aitwaye Dorothy. Hata Mary wa Hursley alipatikana kwa kazi ya namna hiyo.